Barua ya Wazi: Vibanda vya Magurudumu vya Mtinko Visimikiwe Nguzo ya Umeme

Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Singida. Kwa Meneja wa TANESCO Mkoa wa Singida. Kwa Mheshimiwa Diwani wa Kata ya Mtinko, pamoja na serikali ya kijiji.

Jua likishazama, kibanda cha bati kilichochomelewa juu ya ekseli ya pikapu kuukuu kinawaka taa. Ndani mna friji ya soda, brenda ya juisi, spika, na rundo la simu za wateja zikichajiwa kwa mpigo. Magurudumu yamewekewa mawe yasibingirike. Ukizunguka nyuma utaona waya mweupe, mwembamba kama kamba ya viatu: umetoka dirishani kwa jirani, ukapumzika kwenye tawi la mwarobaini, ukakatisha njia ya baiskeli na mikokoteni, kisha ukaingia kibandani kupitia tundu lililotobolewa kwa msumari. Hapo kwenye tundu, bati linaukwangua waya kila upepo unapovuma.

Kibanda hicho si cha mtu mmoja wa kunyooshewa kidole. Ni sura ya vibanda vya aina yake katika senta za vijijini, na Mtinko ni senta yenye watu. Iko kwenye barabara inayotoka Singida mjini kupitia Ilongero kuelekea Haydom. Wapo wanaokuja kutibiwa Hospitali ya St. Carolus, wapo wanaoleta alizeti, vitunguu na kuku. Watu hao wanahitaji chai, soda baridi, kinyozi na mahali pa kuchaji simu. Anayewahudumia mara nyingi ni kijana au mama asiye na fremu ya kupanga, ila ana bati, ana magurudumu, na ana jirani mwenye soketi.

Barua hii inawatetea watu hao, na inasema neno moja: kibanda kinachotembea kipewe mahali pa kuchomekea palipojengwa kwa kazi hiyo, badala ya kuachiwa soketi ya sebuleni kwa mtu.

Umeme wenyewe upo. Wakala wa Nishati Vijijini, uliozaliwa na Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, umesimamia kufikishwa kwa nguzo hadi vijijini, na Serikali imetangaza kuwa vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa. Mkoa wa Singida nao hauko pembeni. Njia kuu ya kilovolti 400 itokayo Iringa kupitia Dodoma kwenda Shinyanga inapita hapa, na hapahapa Singida ndipo inapoanzia njia nyingine ya kilovolti 400 inayopanda Babati, Arusha na Namanga hadi kuungana na Kenya. Mkoa unaobeba mzigo wa nchi mbili mabegani mwake unaweza kumbebea muuza juisi friji yake kwa usalama.

Kilichobaki nyuma ni zile mita hamsini za mwisho.

Tuanze na soketi yenyewe. Soketi ya mashimo matatu iliyomo katika nyumba zetu imetengenezwa kwa ampea 13. Kwa umeme wetu wa volti 230, hizo ni wati 2,990, basi. Birika la umeme peke yake hula wati 2,000. Pasi hula 1,000 na zaidi. Mashine ya kuchomelea, hata ile ndogo ya kubebwa begani, ikifanya kazi nzito inaweza kudai ampea nyingi kuliko soketi nzima. Simu kumi si kitu. Friji si mzigo mkubwa ikishatulia, ila kila kompresa inapoanza kuzunguka hunywa mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida. Mwenye nyumba naye ana pasi yake, televisheni yake na jiko lake, vyote vikitegemea nyaya zilezile ukutani. Soketi iliyozidiwa hujieleza mapema: plagi inakuwa moto mkononi, plastiki inageuka rangi ya kahawia, chumba kinanukia kama mpira ulioungua. Mwenye nyumba asipofahamu lugha hiyo, huizima soketi kwa jioni ile na kuiwasha tena kesho.

Halafu waya. Hapa ndipo penye hatari kubwa ambayo haionekani, na barua hii inaomba uvumilivu wa hesabu kidogo.

Chukua waya mwembamba wa ekstensheni wenye shaba ya milimita za mraba 0.75, ule unaouzwa kwa rola dukani na kupendwa kwa sababu ni rahisi. Uvute mita 50 hadi kibandani, uchomeke birika la wati 2,000. Ukinzani wa waya huo, kwenda na kurudi, utameza takriban volti 24 njiani, na birika litapata kama 206 tu. Litachelewa kuchemka, muuza chai atalaumu TANESCO kwamba umeme ni mdogo. Lakini zile volti hazikupotea hewani. Karibu wati 190 zimegeuka joto ndani ya waya wenyewe, tena waya huo umebebeshwa karibu ampea 8 ilhali umetengenezwa kubeba 6. Ukiwa umelala wazi, joto hilo linatawanyika. Ukiwa umeviringishwa kwenye rola yake kwa kuwa ni mrefu kupita haja, au umepita chini ya godoro, au chini ya gunia la alizeti, joto linakaa. Plastiki inalainika, nyaya mbili za ndani zinakaribiana, na siku moja zinagusana.

Weka badala yake kebo ya milimita za mraba 2.5, umbali uleule, birika lilelile: upotevu unashuka hadi chini ya volti 8. Tofauti ya bei ya nyaya hizo mbili inauma kwa mtu anayeanza biashara, hilo ni kweli. Friji iliyoungua kompresa kwa kuendeshwa na umeme dhaifu miezi mitatu inauma zaidi. Na hapo bado hatujazungumzia waya bandia, ule wa alumini iliyopakwa shaba juu, ambao mnunuzi hawezi kuutambua kwa macho na ambao hupata moto zaidi kuliko shaba halisi ya unene huohuo. Kazi ya kuuzuia usifike rafu za maduka ya vijijini ni ya Shirika la Viwango, TBS. Mwenye kibanda hana maabara.

Moto ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni bati.

Nyumba ya tofali haipitishi umeme. Kibanda cha bati kilichosimama juu ya matairi ya mpira ni kitu kingine kabisa. Waya wenye moto ukichubuka pale kwenye tundu la msumari na kugusa bati, kibanda chote kinakuwa na volti 230, mlango, meza na nguzo za kivuli. Matairi ya mpira yanazuia umeme kushuka ardhini, kwa hiyo hakuna breka inayoruka, hakuna cheche, hakuna dalili yoyote. Kibanda kinasubiri. Anakuja mteja mwenye kandambili zilizolowa, au mtoto aliyetumwa sukari akiwa peku, anashika ukingo wa dirisha. Mwili wake ndio unakuwa waya wa kwenda ardhini.

Watu wengi huamini kwamba fyuzi ingekatika. Haikatiki. Mwili wa binadamu, kwa makadirio yanayotumiwa na wataalamu, una ukinzani wa karibu omu 1,000; kwa volti 230 hupitisha kiasi cha ampea 0.23. Fyuzi ya ampea 13 haihisi kitu hapo, kwani huo ni mkondo mdogo mara 56 kuliko kiasi inachoruhusu. Ilhali milliampea 30 tu zikipita kifuani zinatosha kukaza misuli ya kupumulia, na zikizidi hapo moyo unaweza kupoteza mdundo wake. Fyuzi ililetwa duniani kulinda waya. Kinacholinda mtu ni vitu viwili vingine: waya wa athi unaounganisha bati lote la kibanda na ardhi, na ile breka ya uvujaji ambayo mafundi huiita RCD, inayolinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na kukata ndani ya sehemu ya sekunde pindi milliampea 30 zinapopotea njia.

Sasa angalieni waya mweupe unaotoka dirishani. Mara nyingi una nyaya mbili ndani, laivu na nyutro. Athi haimo. Hata plagi yake wakati mwingine ni ya meno mawili, ikasukumwa kwenye soketi ya mashimo matatu baada ya mtu kufungua kijilango cha usalama kwa kijiti cha kiberiti au kalamu. Nyumba inaweza kuwa na athi nzuri ukutani, lakini haikusafiri hadi kibandani.

Na athi ya Singida ina taabu yake. Mkoa huu ni wa mawe. Mtu aliyefika Singida mjini ameyaona yamekaa juu ya vilima kama yalipangwa kwa mkono. Kupigilia fimbo ya athi kwenye udongo mwembamba juu ya mwamba ni kazi ya jasho, na wapo wanaoikata fimbo nusu ili kazi iishe. Kisha mvua ikikoma mwezi wa Aprili au Mei, ardhi inakauka hadi Novemba, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Athi iliyofaulu mwezi wa Februari inaweza kuwa pambo tu mwezi wa Septemba. Ndiyo sababu mahali kama Mtinko breka ya uvujaji haipaswi kuhesabiwa kuwa anasa ya mahoteli. Ndiyo sababu pia fimbo ya athi inapaswa kupimwa kwa mita yake wakati wa kiangazi, badala ya kutazamwa tu kama ipo.

Kibanda kinachotembea kina ndugu zake ughaibuni, na inafaa kuwatazama. Uingereza na nchi nyingine za Ulaya zina watu wengi wanaosafiri na nyumba za magurudumu zinazovutwa na gari, zenye kitanda, friji na jiko. Zikifika kambini, haziingizi waya dirishani kwa mtu. Uwanja una viguzo vifupi vyenye soketi za buluu za ampea 16, za duara, zenye kifuniko cha kuzuia mvua. Kila soketi ina breka yake na ulinzi wa milliampea 30. Kebo ya Mwingereza anayesafiri hivyo inajulikana: nyaya tatu, milimita za mraba 2.5, mita 25, rangi ya machungwa ili isikanyagwe gizani, na inakunjuliwa yote hata kama kiguzo kiko hatua tano. Akilazimika kuchomeka nyumbani kwa rafiki, anajua soketi ni ya ampea 13, hivyo anazima hita kabla ya kuwasha birika. Marekani, ambako nyumba hizo nyingi hudai ampea 30 na soketi za kawaida za nyumbani hutoa 15 au 20, wenye nazo hufundishwa jambo hilohilo: adapta hubadilisha umbo la plagi, haiongezi uwezo wa ukuta.

Hakuna sayansi ngumu hapo. Kiguzo, sanduku, breka, soketi yenye kifuniko, kebo nene. Vyote vinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme mjini Singida au Dodoma, au vinaagizika.

Mwenye nyumba naye ana hasara yake katika mpango wa sasa, na kwa kawaida haijui. Kwa bei zilizopangwa na mdhibiti wa nishati, EWURA, mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti inayozidi hapo shilingi 350, kabla ya kodi na tozo. Nyumba inayotumia uniti 60 hulipa shilingi 6,000. Ikimpa jirani umeme wa uniti 90, jumla inakuwa 150: sabini na tano za kwanza ni 7,500, sabini na tano za pili ni 26,250, yaani 33,750. Muuza juisi akitoa shilingi 10,000 mwisho wa mwezi anaona amelipa kiungwana. Mwenye nyumba anaona LUKU inaisha kabla ya siku zake, anahisi mita imeharibika, anapiga simu TANESCO. Ujirani wa miaka mingi unavunjika kwa sababu ya hesabu ambayo hakuna aliyewahi kuwaonyesha. Na ule umeme unaogeuka joto ndani ya waya mwembamba, huo pia unalipiwa.

Kuna tabia moja zaidi ambayo serikali ya kijiji inapaswa kuikomesha mara moja, bila kusubiri bajeti. Umeme ukikatika, wapo wanaowasha jenereta kibandani na kurudisha umeme nyumbani kwa waya wenye plagi za meno pande zote mbili, upande mmoja kwenye jenereta, mwingine kwenye soketi ya ukutani. Plagi hiyo ikichomoka, meno yake yako wazi na yana moto. Swichi kuu ikiwa haikuzimwa, umeme wa jenereta unatoka nje hadi kwenye transfoma. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili: ile inayoshusha kilovolti 33 kuja nyumbani inaweza kupandisha umeme wa jenereta kurudi kwenye laini, na juu ya nguzo huenda yupo fundi wa TANESCO aliyeambiwa kuwa laini imezimwa. Waya wa namna hiyo usitengenezwe, usiuzwe, usiazimwe.

Ndugu Mkurugenzi, ombi la kwanza liko mezani kwako. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa mwaka 2024, na ni jambo jema. Lakini kikundi kinachokopeshwa friji na brenda bila kuulizwa kitachomeka wapi kimekopeshwa nusu ya biashara. Maombi ya mkopo wa kibanda yawe na mstari wa kebo, plagi na breka ya uvujaji ndani ya gharama zake. Na sehemu ya ushuru unaotozwa wafanyabiashara hao hao irudi kwao kwa sura ya nguzo: kiguzo cha chuma au zege kwenye eneo la soko na kingine karibu na kituo cha mabasi, chenye soketi sita au nane zenye kifuniko, kila moja na breka yake na mita yake ndogo, athi iliyopimwa, na mtu anayetambulika wa kufunga na kufungua sanduku. Kiguzo hicho kitafaa hata siku kliniki tembezi inapokuja, au gari la matangazo, au mkutano wa hadhara. Nao leo huchomeka kwa jirani.

Ndugu Meneja, vijijini gharama ya kuunganishiwa umeme imewekwa shilingi 27,000, na wengi wenye vibanda wangeilipa kesho. Kikwazo chao ni kwamba kibanda chenye magurudumu hakina ukuta wa kufungia mita, wala hati ya kiwanja. Kile kifaa cha Umeme Tayari, UMETA, kibao kimoja chenye soketi, swichi na breka kilichokusudiwa nyumba ndogo zisizohitaji kutandazwa nyaya, kinaelekea kufaa kabisa kwa muuza chai. Ofisi yako ione namna ya kukifunga kwenye kiguzo cha soko kwa jina la mfanyabiashara aliyethibitishwa na serikali ya kijiji. Na mafundi wenu wanapokuja Mtinko kuunganisha wateja wapya, wapewe saa moja ya kusimama sokoni na kuonyesha waya wa nyaya mbili na wa nyaya tatu, uliokatwa, mtu aushike. Onyesho hilo litakumbukwa kuliko bango.

Mheshimiwa Diwani, kamati ya soko inaweza kufanya ukaguzi wake pamoja na fundi mwenye leseni ya EWURA, kibanda kwa kibanda, bila faini katika miezi ya kwanza. Mtu akijua anakuja kuonyeshwa, atafungua mlango. Akijua anakuja kutozwa, waya utafichwa chini ya majani, na hapo ndipo utakapopata moto.

Wenye vibanda wenyewe wasisubiri barua ijibiwe. Kebo ya nyaya tatu yenye unene wa kutosha, ya urefu unaohitajika tu, ikunjuliwe yote, ipite juu ya vichwa au ndani ya bomba, isipite mlangoni wala dirishani panapofungwa. Tundu la bati livishwe mpira. Waya wa athi uungwe kwenye bati kwa bolti na nati, na rangi ikwanguliwe kwanza ili chuma kiguse chuma. Mwenye nyumba aweke breka ya uvujaji kwenye soketi anayoitoa, na asikubali mashine ya kuchomelea. Kibanda kikikusisimua vidole, hata kidogo, chomoa kule nyumbani kwanza kabla ya kugusa kitu kingine. Mtu akinaswa, usimshike kwa mkono, kata umeme. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, ya TANESCO ni 180. Gari la zimamoto likitoka Singida mjini lina barabara ndefu ya kupita Ilongero kabla ya kuona moshi wa Mtinko, na bati lenye friji, mafuta ya kupikia na mkaa halitalisubiri.

Mvua za kwanza huanza kulowesha ardhi ya Singida mwezi wa Novemba. Kiguzo cha kwanza kisimikwe, kipimwe na kuwashwa kabla ya hapo.